Neptune Frost: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya mapenzi, koltani na wadukuzi wa milima ya Burundi

Kila filamu hii inapotajwa kwenye makundi ya wapenda sinema, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa ili anayeuliza aelekezwe moja kwa moja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mizizi. Mengine ni mafupi kwa sababu hakuna zaidi la kusema.

Neptune Frost ni filamu ya aina gani hasa?

Ni bunilizi ya kisayansi, ni muziki, ni siasa, na kabla ya hayo yote ni hadithi ya mapenzi. Ilitoka mwaka 2021 na ina urefu wa saa moja na dakika arobaini na kitu. Waongozaji wake ni Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, na Anisia Uzeyman, mwigizaji na mwongozaji mzaliwa wa Rwanda. Watu wake wanaimba, lakini si kama wa Bollywood ambao hadithi husimama ili wimbo upite. Humu wimbo ndio unaoisukuma hadithi.

Dunia yake ni ya giza. Kuna dola inayoitwa Mamlaka, kuna migodi inayolindwa kwa bunduki, kuna wanafunzi wanaoandamana na kupigwa. Mtu wa kwetu akiitazama anaweza kuuliza hiyo kesho inayozungumzwa iko wapi, maana mengi ni ya leo. Swali ni zuri, na nadhani watengenezaji walitaka liulizwe.

Hadithi yenyewe ni ipi? Ila usiniharibie mwisho.

Sitauharibu. Iko hivi: Matalusa ni mchimbaji wa koltani kwenye milima ya Burundi. Mdogo wake, Tekno, anauawa mgodini na mlinzi mbele ya macho yake. Matalusa anaondoka, anafuata ndoto, na anafika kwenye kijiji kisichokuwa kwenye ramani, kinachoitwa Digitaria, kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Huko wamo waliotoroka kama yeye: wachimbaji, wanafunzi, watu waliochoka.

Upande wa pili yuko Neptune, huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja, anayeikimbia jamii yake baada ya mtumishi wa dini kujaribu kumbaka. Safari yake inambadilisha mwili. Anapofika Digitaria, umeme unawaka. Vifaa vilivyokuwa vimekufa vinaamka, na kijiji kilichokuwa kimefichwa kinapata uwezo wa kuingilia mitandao ya dunia nzima. Wawili hao wanapendana, na penzi lao linaleta hitilafu kwenye mfumo unaowatumikisha wengine wote. Yanayofuata kayatazame mwenyewe.

Nimetazama nusu saa sijaelewa kitu. Tatizo ni mimi?

Hapana. Filamu haisimulii kwa mstari ulionyooka. Ndoto, kumbukumbu na matukio ya kweli vinapishana bila kubisha hodi, na mara nyingi mazungumzo ni mashairi matupu. Williams ni mshairi kwanza. Alikuwa bingwa wa mashairi ya jukwaani pale Nuyorican Poets Cafe, New York, mwaka 1996, na hajawahi kuiacha kazi hiyo hata anapofanya nyingine.

Ushauri wangu: usiitazame kwa simu huku unajibu ujumbe. Zima taa, ongeza sauti, na usisimamishe kila dakika kutafuta maana. Mtu aliyezoea kusikiliza utenzi au taarabu ya mafumbo anajua kwamba si lazima kila ubeti ufunguke papo hapo. Shika nyuzi mbili tu, Matalusa anayeomboleza ndugu yake na Neptune anayetafuta pa kuishi. Zilizobaki zitajifunga zenyewe kwenye hizo.

Watengenezaji ni mtu na mkewe?

Ndiyo. Williams alizaliwa mwaka 1972 huko Newburgh, jimbo la New York. Watu wa sinema walimfahamu mwaka 1998 kwa Slam, ambako aliigiza mshairi aliyefungwa jela. Filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya tamasha la Sundance, Marekani, na tuzo ya Caméra d'Or ya tamasha la Cannes, Ufaransa. Kizazi cha sasa pengine kilimwona kwenye Sinners ya mwaka 2025, ambamo ndiye mchungaji, babake yule kijana mpiga gitaa.

Uzeyman ni Mnyarwanda aliyefanya kazi ya jukwaani na ya kamera Ufaransa. Wote wawili walicheza kwenye Tey ya Alain Gomis, iliyopigwa Senegal na kunyakua tuzo kuu, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, katika FESPACO, tamasha la sinema za Afrika la Ouagadougou, ya mwaka 2013. Baadaye Uzeyman akaongoza Dreamstates, filamu ndefu aliyoipiga kwa simu za iPhone. Jambo hilo linaeleza mengi kuhusu alivyo: hangoji vifaa vikubwa vifike ndipo aanze kazi.

Waligawanaje kazi?

Williams aliandika hadithi na muziki. Uzeyman alishika kamera. Uongozaji ni wa wote wawili, na majina yote mawili yamo.

Wengi humtaja Williams peke yake kwa kuwa ndiye mwenye jina kubwa Marekani, na hilo ni kumpunja Uzeyman. Tazama picha za usiku uelewe ninachosema. Ngozi nyeusi kabisa, usiku, chini ya mwanga wa buluu na zambarau, na bado unaona shavu, jasho, mshipa wa shingo. Sinema nyingi zinazopigwa Afrika hutia taa hadi kila kitu kikafanana na studio ya kupigia picha za pasipoti, au huacha giza likawameza watu. Yeye amelifanya giza lenyewe kuwa rangi. Na kwa kuwa Rwanda ni kwao, kamera yake haiishangai milima. Hakuna ile picha ya angani ya dakika mbili ya kumwonyesha mgeni jinsi Afrika ilivyo nzuri.

Fedha zilitoka wapi?

Mwaka 2018 waliomba michango ya watu kupitia tovuti ya Kickstarter. Miongoni mwa watayarishaji wamo Stephen Hendel, aliyekuwa nyuma ya mchezo wa Broadway kuhusu Fela Kuti, na mwigizaji Ezra Miller. Lin-Manuel Miranda, mtunzi wa Hamilton, naye yumo kama mtayarishaji mkuu. Kwa hiyo fedha zilitoka nje, sehemu kubwa Marekani. Wanaosema filamu hii si ya Kiafrika hutumia hoja hiyo. Ila ukiondoa fedha na Williams, nyuso, lugha, mikono iliyoshona na sauti zilizoimba ni za Rwanda na Burundi karibu zote. Mimi hainisumbui.

Hadithi ni ya Burundi. Kwa nini ilipigwa Rwanda?

Kwa sababu ya mwaka 2015. Aprili mwaka huo Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kugombea muhula wa tatu, vijana wakamiminika mitaa ya Bujumbura, Mei kukawa na jaribio la mapinduzi lililoshindwa, na vituo vya redio binafsi vikachomwa na kufungwa. Laki kadhaa za watu walikimbia. Msomaji wa Kigoma hahitaji kuelezwa, aliwaona wakipokelewa kwenye kambi za Nyarugusu na Nduta. Wengine walivuka kuingia Rwanda, na miongoni mwao walikuwepo wanafunzi, wanamuziki na wapiga ngoma.

Hao ndio waliokuwa Rwanda wakati filamu inatafuta watu. Kwa hiyo maandamano ya wanafunzi unayoyaona mle hayakutungwa hewani. Baadhi ya waliosimama mbele ya kamera walikuwa wameyakimbia kwa miguu yao. Upigaji wenyewe ulifanyika mwaka 2020.

Kiswahili kimo?

Kimo, kikipishana na Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Mtu anaanza sentensi kwa Kirundi na kuimalizia kwa Kifaransa, kama unavyosikia Bujumbura siku yoyote. Kiswahili ni lugha ya Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, tangu zamani, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, kwa hiyo hakijapachikwa ili kuwafurahisha watu wa Dar au Nairobi.

Ila usitegemee kufuata filamu nzima kwa Kiswahili. Utahitaji manukuu, na niliyoyaona mimi ni ya Kiingereza. Anayejua Kinyarwanda au Kirundi, au hata Kiha, atafaidi zaidi kuliko sisi wengine, kwa sababu lugha hizo zinasikilizana na mafumbo mengi yamo humo.

Neptune ni mwanamume au mwanamke?

Ni huntha, na filamu haikulazimishi kuchagua. Waigizaji wawili wamegawana nafasi hiyo: Elvis Ngabo anaanza, Cheryl Isheja anaendeleza. Neptune mwenyewe anasema mapema kabisa kwamba alizaliwa katika mwaka wake wa 23. Ukiikumbuka kauli hiyo, mabadiliko ya sura hayatakupoteza.

Baadhi ya watazamaji hukwama hapa na kudhani filamu imebeba ajenda ya wageni. Mahuntha wapo katika jamii zetu, na fiqhi ya Kiislamu imewajadili kwa karne nyingi katika mirathi na ibada. Kenya iliwahesabu katika sensa ya mwaka 2019 na kupata watu 1,524, idadi ambayo wengi wanaamini ni ndogo kuliko hali halisi kwa kuwa familia huficha. Neptune hakuletwa na ndege. Tofauti yake ni kwamba kwenye filamu hii yeye si wa kuhurumiwa wala kuchekwa, ndiye anayewasha taa.

Matalusa maana yake nini?

Litamke polepole: Ma-ta-lu-sa King. Ni Martin Luther King akitajwa na mtu mwenye lafudhi ya Kifaransa, na Williams amelipindua tena kwa Kiingereza ili lisikike kama mfalme, shahidi na aliyeshindwa kwa wakati mmoja. Albamu yake ya mwaka 2016, MartyrLoserKing, ilibeba jina hilo kabla filamu haijakuwepo.

Majina mengine nayo yana kazi. Kuna Memory, kuna Psychology, kuna Innocent, na la huyu wa mwisho lina kejeli utakayoigundua mwenyewe. Wazungu waliandika sana kwamba majina haya ni ya ajabu. Aliyesoma na kina Innocent, Trésor, Espérance na Dieudonné hatashtuka.

Na Digitaria?

Ni jina la mmea wa nafaka ndogo ya Afrika Magharibi, fonio. Ni jina pia ambalo wasomi wa Kifaransa walilitumia kwa nyota ambayo Wadogon wa Mali huiita Po Tolo, nyota ndogo isiyoonekana kwa macho iliyo karibu na Sirius. Kwenye filamu kuna mtu anaitwa Potolo, kwa hiyo si bahati. Kijiji kisichoonekana kimepewa jina la nyota isiyoonekana. Na bila shaka neno hilo pia linasikika kama "dijitali". Williams hapendi kutumia jiwe moja kwa ndege mmoja.

Koltani ni nini na kwa nini inahangaisha watu?

Hapa nitakaa kidogo.

Koltani ni mawe meusi mazito yanayobeba madini mawili, niobi na tantali. Tantali ndiyo inayotafutwa. Inatengenezewa kapasita, vile vijipande vidogo ambavyo fundi simu akikufungulia simu atakuonyesha vimebandikwa kwenye kibao cha saketi, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Kazi yake ni kushika chaji na kuitoa kwa utulivu. Tantali inapendwa kwa sababu hujifunika kwa utando mwembamba mno unaozuia umeme kupita, kwa hiyo kapasita yake inahifadhi chaji nyingi katika nafasi ndogo na haibabaishwi na joto. Bila kapasita hizo simu na kompyuta zingekuwa nene zaidi.

Uchimbaji wake katika eneo letu ni wa mikono. Sururu, koleo, beleshi, kisha udongo unaoshwa kwa maji. Kwa kuwa koltani ni nzito, uchafu unaondoka na yenyewe inabaki chini. Inafungwa kwenye viroba na kubebwa mgongoni kuteremka mlima. Mwaka 2000, kiu ya simu na michezo ya kompyuta ilipopandisha bei ya tantali ghafla, watu wa Kivu waliacha mashamba kukimbilia mashimo, na vikundi vyenye silaha vikawafuata.

Burundi yenyewe ina koltani kidogo, upande wa kaskazini karibu na Kayanza. Kitovu ni Kongo, hasa Rubaya huko Masisi, Kivu Kaskazini, ambako panakadiriwa kutoka takriban asilimia 15 ya tantali yote duniani. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya kama dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza koltani ushuru. Wataalamu hao hao walisema sehemu ya mzigo huvushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na wa huko. Serikali ya Rwanda imekanusha.

Sasa kumbuka filamu ilipigwa wapi. Ni swali ambalo wanaoisifu hawapendi kuliuliza: filamu inayolaani wizi wa madini ya eneo hili, imepigwa katika nchi inayotuhumiwa, ikaweka hadithi yake nchi jirani na kuita utawala "Mamlaka" bila bendera. Naiona hoja hiyo na sidhani inaiangusha filamu. Kutotaja bendera kumeisaidia, kwa kuwa mtu wa Bujumbura, Goma, Kigali au Kampala anaweza kujaza jina analolijua. Lakini anayesema filamu ilikuwa jasiri kwa kila upande anazidisha.

Kifo cha Tekno kinaonyeshwaje? Wengine wanasema hawakukielewa.

Ni tukio fupi. Watu wanachimba, ngoma zinapigwa. Tekno anaokota jiwe la koltani, analiinua na kulitazama. Basi. Hakuiba, hakukimbia, hakujibu mtu. Ameacha kazi kwa sekunde chache ili akione kile anachokichimba. Mlinzi anampiga, anakufa.

Ukiangalia vizuri, kosa lake ni kutazama. Mchimbaji anaruhusiwa kubeba madini, haruhusiwi kuyatafakari. Filamu yote iliyobaki ni jibu kwa tukio hilo: Digitaria ni mahali ambapo watu wanageuza mashine, wanazifungua, wanaziuliza zimetoka wapi.

Ngoma zile ni za kweli?

Ni za kweli, ni ngoma za Burundi, na wapigaji ni wapigaji hasa. UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Mwaka 2017 amri ya rais huko Burundi iliwapiga marufuku wanawake kuzipiga, na ikataka vikundi vyote vijiandikishe serikalini. Ngoma za ufalme zikipigwa mgodini, na watu walio nje ya nchi yao, ni siasa tosha hata kabla mtu hajafungua mdomo.

Mavazi na kijiji vilitengenezwa na nani?

Cedric Mizero, msanii na mbunifu wa mitindo wa Rwanda. Herufi za kibodi, nyaya, vibao vya saketi, mabaki ya skrini, vyote vimeshonwa na kufungwa mwilini kama shanga. Kuna mtu anatokea ndotoni akiwa amebeba gurudumu la baiskeli, na ukishamwona hutamsahau.

Hapa hadithi ya koltani inafunga mzunguko wake. Madini yanatoka milimani, yanakwenda viwandani Asia, yanarudi Afrika ndani ya simu na kompyuta, nyingi zikiwa mitumba, kisha yanaishia jalalani. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Agbogbloshie, jalala maarufu la Accra ambako vijana walichoma nyaya kupata shaba, lilibomolewa Julai 2021, mwezi ule ule filamu hii ilipoonyeshwa Cannes. Mizero amewavika watu wa mgodini kile kilichotoka mgodini. Hakuna hotuba ya kueleza jambo hilo, na haikuhitajika.

Muziki naupata wapi?

Albamu ya filamu inaitwa Unanimous Goldmine, ya mwaka 2022. Jina hilo ni salamu ya watu wa Digitaria: wanapokutana ndivyo wanavyoamkiana. Ukimaliza kutazama utaanza kuwaamkia marafiki hivyo, nakuonya mapema. Muziki unachanganya ngoma, mashine, rap na nyimbo za kazi. Williams alitunga, lakini wasanii wa Rwanda na Burundi wameuimba kwa lugha zao, na pale ndipo unapopata uhai.

Ni kweli wanaitukana Google?

Ndiyo, kwa wimbo mzima, kwa tusi la Kiingereza, wakiinua kidole cha kati mbele ya kamera. Ni wimbo mtamu kuliko zote humo, kwa bahati mbaya ya wanaotaka kuuimba mbele ya wazazi. Hasira yake ina mantiki: watu wanaochimba kinachoendesha intaneti wanauambia upande unaofaidi kwamba wanajua hesabu.

Hivi kweli ni filamu ya mapenzi, au mapenzi yamebandikwa tu?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Filamu nyingi za dunia iliyoharibika huweka penzi pembeni. Kuna vita, kuna utawala mbovu, na katikati ya mapigano wawili wanabusiana ili mtazamaji apumzike. Toa penzi, hadithi inabaki. Kwenye Neptune Frost ukitoa penzi hakuna umeme. Namaanisha hivyo hivyo: kabla Neptune hajafika, Digitaria ni rundo la vyuma na watu wenye hasira. Wana akili, wana sababu, wana mashine, lakini hawana nguvu ya kuziendesha. Betri haikuletwa na mfadhili wala mhandisi. Imekuja na mtu aliyefukuzwa na kila aliyemjua, akampata mtu aliyezika ndugu yake.

Na wawili hao hawafanani kwa chochote isipokuwa kunyimwa. Mmoja amenyimwa kuomboleza, mwingine amenyimwa kuwa alivyo. Mapenzi yao hayaanzi kwa macho kugongana sokoni. Yanaanza kwenye ndoto, kila mmoja akiwa njiani kivyake, akiitwa na kitu asichokijua. Wanapokutana hakuna kutongozana wala kuringiana. Wanatambuana.

Ndiyo maana naona wanaoitaja kama filamu ya siasa yenye wapenzi ndani wameigeuza. Siasa yake yote inategemea jambo moja: kwamba mfumo unaokula watu hauna namna ya kukokotoa upendo usio na faida kwake. Unaweza kukubali au kukataa. Rafiki yangu mmoja, fundi umeme, aliniambia hilo ni ushairi tu, na kwamba drone haizimwi kwa busu. Ana haki. Waongozaji nao wanalijua, na ukifika mwisho utaona hawakujidanganya.

Waigizaji wako wapi sasa?

Eliane Umuhire, aliyecheza Memory, ndiye aliyefika mbali zaidi kwenye sinema za kimataifa. Alikuwemo kwenye Augure ya Baloji, Mbelgiji mwenye asili ya Kongo, na kwenye A Quiet Place: Day One ya mwaka 2024. Cheryl Isheja ni mwanamuziki kabla ya kuwa mwigizaji. Matalusa ni Bertrand Ninteretse, rapa wa Burundi anayejulikana kama Kaya Free. Dorcy Rugamba, aliyecheza Innocent, ni mtu wa tamthilia mwenye heshima kubwa Rwanda, mwana wa mshairi na mtunzi wa nyimbo Cyprien Rugamba aliyeuawa mwaka 1994.

Ilipokelewaje?

Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cannes, Julai 2021, kwenye kitengo cha Quinzaine des Réalisateurs. Ikaenda Toronto na New York, kisha Sundance mwaka 2022. Kino Lorber waliisambaza Marekani kuanzia Juni 2022. Wahakiki wengi waliisifu. Watazamaji wa kawaida wamegawanyika, na si vigumu kuona sababu.

Naweza kutazama na watoto?

Hapana. Kuna jaribio la ubakaji, mauaji, matusi na mahaba. Kijana wa kidato cha tano au sita mwenye mtu wa kuzungumza naye baada ya filamu, sawa.

Nitaipata kibanda umiza, au ikiwa imetafsiriwa kama zile za DJ Afro?

Sijawahi kuiona hivyo, ingawa ningelipia kumsikia mtu akijaribu. Njia halali ni majukwaa ya mtandaoni yanayoikodisha au kuiuza kulingana na nchi uliyopo, pamoja na DVD na Blu-ray za Kino Lorber.

Nimeipenda. Nitazame nini kingine cha kwetu?

Anza na Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya mwaka 2009. Ni fupi, dakika ishirini na kitu, kuhusu Afrika Mashariki baada ya vita ya maji. Haina penzi la watu wawili, ina penzi la mtu na mche. Kisha tafuta Augure niliyoitaja juu.

Tunataka kuionyesha kwenye klabu yetu. Tufanyeje?

Kununua nakala ya kutazama nyumbani hakukupi haki ya kuonyesha hadharani, hata kama hamtozi kiingilio. Mwandikieni msambazaji mwombe kibali cha onyesho, mkitaja idadi ya viti na kama mtauza tiketi. Kwa Tanzania, filamu inayoonyeshwa kwa umma hupitia Bodi ya Filamu. Kwa Kenya ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Pelekeni maombi mapema, na msifiche kwamba kuna mhusika huntha na kuna matusi. Ni afadhali swali hilo lijibiwe ofisini kuliko ukumbini watu wakiwa wameshakaa. Siku yenyewe, wekeni fedha kwenye spika kabla ya projekta, na pangeni nusu saa ya mazungumzo baada ya filamu, kwa sababu hakuna atakayetaka kuondoka kabla ya kubishana.